Wakwe na Moto wa Choo

Nilikuwa nikijivunia ule moto mpaka siku wakwe walipokuja. Majina yao nayajua yote, na ya baba zao, na hata ya ng'ombe waliotuletea wakati wa mahari. Lakini wako hai na haya bado ninayo, kwa hivyo nitayaacha.

Chama chetu cha akina mama, huku upande wa Ndhiwa, kilianza mambo ya gesi ya samadi kwa sababu kuni ziliisha. Mlima wote umebaki mawe. Walinichimbia shimo nyuma ya jikoni, wakalijengea, wakavuta bomba mpaka kwenye jiko. Ukame ulipokuja nikauza ng'ombe, nikabaki na mmoja, na moto ukawa mdogo kama wa kibatari. Mwalimu wa gesi akasema basi tuunganishe na choo. Nilicheka, kisha nikakubali. Moto ukarudi, wa buluu, bila moshi, na kifua changu kikaacha kukohoa. Chama kilipoleta wageni kuona, mimi ndiye niliyewasha kiberiti.

Mke mwenzangu, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua, hakuniacha. "Jana mlikula nini huko kwako? Leo moto unawaka kweli kweli!"

Sasa, binti yangu wa mwisho, aliyeolewa Sori, kando ya ziwa, alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mgongoni. Maneno yake na mumewe ni yao. Alikaa kwangu mpaka mahindi yakavunwa, ndipo wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja kumchukua. Kwetu mambo kama hayo huishia kwenye chakula. Wakila, yameisha. Wakiondoka bila kula, binti yako amebaki kwako.

Tena kwetu mume wa binti na mama mkwe wake huheshimiana mpaka kuogopana. Yeye hali mbele yangu, nami sili mbele yake. Choo ndiyo kabisa, hatuchangii. Wakija, huelekezwa kwa mke mwenzangu. Wiki ile mvua ilikuwa imebomoa choo chake.

Nilikuwa nasonga ugali nilipomwona mkwe wangu kupitia dirishani, na koti lake la kijivu, anapita polepole nyuma ya nyumba. Mke mwenzangu alikuwa anamwonyesha kwa mkono: pale, pale. Mlango wa bati wa choo changu ukalia. Mbele yangu sufuria, na chini ya sufuria ule moto. Mwalimu alitueleza kwamba kinachoingia leo hakiwi moto leo, lakini hiyo haikunisaidia. Kuni za kubadilishia sikuwa nazo, hata kijiti. Nikajifunika leso usoni kama mtu aliyeonwa uchi, nikasonga hivyo hivyo.

Mke mwenzangu akawapelekea chakula. Nikabaki jikoni, natega sikio.

Akasema mzee wao, baba mdogo wa mkwe wangu, mvuvi wa zamani: "Sijaona moshi, na kuku ameiva hivi. Mama anapika kwa moto gani?"

"Kwa choo, jaduong', mzee wetu," akajibu mke mwenzangu. Ulimi wake hauna kufuli.

"Choo kipi?"

"Hicho hicho. Tuna kimoja tu kwa sasa."

Sahani zikanyamaza. Kiti kikaburuzwa. Mkwe wangu akatoka nje, akasimama kwenye ua wa miti akiipa nyumba mgongo.

Binti yangu akaingia jikoni. "Mama, toa hiyo leso. Si wewe uliyewaambia wanawake wa hapa hakuna aibu?"

Sikuweza kuitoa. Akanitazama, akachukua sahani yake, akaenda kuketi mbele ya wazee wale, akala.

"Chakula cha moto huu nimekula tangu nije," akasema. "Kama ni kichafu, basi mnayemchukua ni mchafu. Semeni sasa, nisifunge mzigo bure."

Yule mzee akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Sisi Sori tunakunywa maji ya ziwa. Na ziwa ni choo cha nani? Lete huo mchuzi, mama."

Akala yeye, na kwa kuwa ndiye msemaji wao, ikahesabiwa. Mkwe wangu hakuonja. Lakini jioni mzigo wa binti yangu aliubeba yeye, akaniaga akiangalia pembeni, kama adabu inavyotaka. Nami nikamuaga nikiangalia chini.

Mtoto wangu alijitetea peke yake, kwa chakula changu, na mimi nimejifunika leso. Hilo ndilo linaloniumiza, kuliko choo.

Choo cha mke mwenzangu kimeshachimbwa upya. Moto wangu bado unawaka, na chama kikileta wageni bado mimi ndiye mwenye kiberiti. Wakiuliza gesi inatoka wapi, nainamia sufuria, na mke mwenzangu anawajibu.