Herufi A, Hamsini na Nne

Kazi yangu ni kuyageuza maradhi ya watu kuwa herufi na tarakimu. Nakaa nyuma ya dirisha la kumbukumbu katika hospitali moja hapa Pemba, na anachoandika daktari nakitafutia kodi yake, yaani msimbo wake, kwenye kompyuta. Mirija ya uzazi ikivimba ina kodi yake, mlango wa kizazi una yake, ukuta wa kizazi una yake. Daktari asipojua ni wapi hasa, huandika PID tu, yaani maambukizi ya via vya uzazi ndani ya nyonga, nami naweka N73.9. Maana yake maambukizi yapo, lakini pahala pake na chanzo chake havijajulikana. Ni kodi ya mtu aliyekiri kwamba hajui, na kwa hilo naiheshimu.

Mkuu wangu hakuwa mtu wa kukiri jambo kama hilo. Aliletwa kitengoni pamoja na mfumo wa kompyuta, na shahada ya mafunzo ya siku tatu akaitia fremu na kuitundika juu ya kiti chake, iwe mtu akimtazama aisome kwanza. Sisi tuliomtangulia kwa miaka alituita "watu wa makaratasi".

Daftari la kliniki ya kina mama lilikuwa bado halijaingizwa kwenye mfumo, na wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu. Niliomba wiki moja.

"Wiki nzima kwa daftari moja?" akacheka. "Lete hapa."

Alikaa nalo baada ya chai ya asubuhi, na kabla ya adhuhuri akatoka anajinyoosha. "Mmeona? Kazi ni akili."

Nilijua kazi ile haimaliziki asubuhi moja. Nikanyamaza. Hilo nalo naliandika, maana dharau yangu kwake hainitoi mimi lawamani.

Wiki chache baadaye alikuja dirishani mwanamke mmoja, mkulima wa mwani, kazaliwa Makangale na kuolewa Micheweni. Macho yalikuwa yamemvimba. Hakusalimia. Alipenyeza karatasi chini ya kioo.

"Nisomee hino, dada. Isome weye uliyeiandika."

Ilikuwa karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo, aliyopewa aende nayo kupiga picha ya tumbo. Kwenye mstari wa ugonjwa palikuwa na A54 na jina refu la Kiingereza.

"Nani alikusomea?"

"Shemegi yangu, mwalimu wa skuli. Kaingia kwenye simu, katafuta, kasema ni kisonono. Kasema mbele ya mama mkwe. Mume wangu kanirejesha kwetu mchana, na nguo zangu ndani ya kiroba cha mwani." Akashika kioo. "Wallahi miye simjui mwanamume mwengine."

Nilifungua daftari. Jina lake lilikuwepo, na pembeni mwandiko wa daktari, mbaya lakini wazi: PID. Basi. Hakuna kipimo kilichosema kisonono, hakuna daktari aliyesema kisonono. Nikaangalia kwenye kompyuta waliomtangulia na waliomfuata. A54. A54. A54. Ukurasa mzima! Ajuza mjane, ambaye hata kutoka ukumbini hutoka kwa mkongojo, naye kapewa kisonono.

Hapo nikaelewa. Mkuu wangu aliandika neno moja la kutafutia, orodha ya maambukizi ya nyonga ya kila chanzo, kisonono kikiwemo, ikashuka, naye akachagua mstari wa juu kwa kila aliyeandikiwa PID. Orodha ile inakwenda kwa alfabeti, na A huja kabla ya N. Hiyo ndiyo akili aliyotutambia.

Nilimpelekea daftari. Hakuliangalia.

"Mfumo umeshafungwa," alisema. "Na hao wanawake wenyewe watajua nini? Kodi ni za takwimu."

"Huyu mmoja kajua. Kaachishwa nyumba yake."

"Hayo ni mambo ya familia."

Nilimpigia simu fundi wa mfumo kule Unguja, niliyekuwa sijawahi kumpigia. Alinisikiliza, akaniambia ningoje, nikasikia anabofya. "Haya, rekebisha." Ule mfumo uliofungwa haukuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai kufunguka.

Daktari alipoona karatasi ile alishika kichwa. Aliandika barua kwa Kiswahili kwamba ugonjwa uliotajwa haukupata kuonekana wala kupimwa kwa mgonjwa huyu, na kwamba kosa ni la hospitali. Akapiga muhuri mara mbili. Mwanamke akaniomba niende nayo mwenyewe, maana kwa shemegi yake hakuna karatasi nyingine ya kuaminika isipokuwa ile ya kwanza.

Tulikwenda Micheweni, yeye, mama yake na mimi. Nikaisoma barua barazani mbele ya mume, mama mkwe na yule mwalimu.

Mwalimu akakohoa. "Basi kumbe ni makosa ya uandishi tu."

"Tu?" mama mtu akamrudishia. "Mwanangu siku kumi na moja hatoki nje ila kwenda hospitali."

Mume aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Ingia ndani, yaishe."

Mkewe hakusogea. "Siingii. Ulinitoa mchana watu wananiona. Nifuate kwetu mchana watu wakuone."

Akageuka, akamshika mama yake mkono, wakaondoka. Ijumaa ya pili, baada ya sala, yule bwana alikwenda Makangale na wazee wawili, akaomba radhi uani mbele ya majirani. Alirudi na mkewe. Dawa alikwisha maliza na maumivu yalikuwa yamepoa.

Mimi nilikaa Jumamosi nzima nikiusahihisha ukurasa ule, jina baada ya jina, nikianza na yule ajuza. Mkuu hakuniuliza kitu. Robo ya mwaka iliyofuata aliandika ripoti yake kama kawaida, nami nikapewa niichape. Akilinganisha na ripoti iliyotangulia, iliyotumwa kabla ya masahihisho yangu, aliona kisonono kimeshuka ghafla katika eneo letu. Akaeleza, kwa kurasa mbili, kwamba hayo ni matunda ya elimu ya afya iliyotolewa kwa jamii chini ya usimamizi wake.

Niliichapa kama alivyoiandika. Wakubwa walimwandikia barua ya pongezi.