Marahaba Kabla ya Shikamoo

Chuo nilichokitaka kilinikubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa lugha ya kigeni. Walitaka mwanafunzi awe ameisoma kwa miaka kadhaa ya sekondari, au afanye mtihani wa kuonyesha kwamba anaijua. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu wa Kifaransa. Mwalimu wetu alirudi kwao, shule ikakosa mwingine, darasa likafungwa, nasi tukaambiwa kipindi hicho twende michezoni. Wakati ule nilifurahi, maana Kifaransa kilikuwa kinanitoa jasho. Sikujua kwamba furaha ile ingenigeuka mwaka wa mwisho.

Utauliza, na Kiarabu je? Nimekulia Doha, kwa hiyo ungedhani ninakimwaga kama maji. Shuleni tuliwekwa kwenye darasa la wageni, na kila mwaka alikuja mwalimu mpya aliyetuanzishia alifu upya. Nimeisoma alifu mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa mji huu. Nje ya darasa najua Kiarabu cha bakala, lile duka dogo chini ya nyumba yetu pale Najma: bei gani, asante, nipe mfuko. Kwa hicho huingii chuo.

Aliyeniokoa, au aliyenitia matatani, sikujua bado, ni mshauri wa wanafunzi shuleni. Aliniuliza nyumbani tunaongea nini. Nikamwambia Kiingereza na Kiswahili. Akageukia kompyuta yake, akatafuta kidogo, akasema upo mtihani wa Kiswahili unaofanywa kwa mtandao, kwanza wa kuandika kisha wa mazungumzo, na chuo kingeukubali. Nilitoka ofisini mwake nikiwa mwepesi kabisa. Kiswahili! Si nakiongea kila siku?

Mama ni muuguzi, na nilimkuta akijitayarisha kwenda zamu. Habari ile haikumfurahisha hata kidogo.

"Lugha ya kigeni? Kigeni kwa nani?" aliuliza, kiatu kimoja mkononi. "Hiyo Kiswahili nilikuongelesha ukiwa kwa tumbo. Leo imekuwa ya wageni?"

"Mama, ni vile chuo wanaiita tu."

"Waambie wabadilishe jina. Na usithubutu kufeli. Nitaambia watu nini, ati msichana wangu ameangushwa na Kiswahili?"

Hapo wepesi wangu ukaisha. Ukifeli Kifaransa, watu watakupa pole. Ukifeli Kiswahili nawe ni Mkenya, hiyo ni aibu ya ukoo mzima, na itafika nyumbani kwa simu kabla hujafunga kompyuta.

Nilifungua mtihani wa majaribio siku hiyohiyo. Loo! Kwetu kila kitu ni "hiyo": hiyo kiti, hiyo mtoto, hiyo maji. Kitu kikiisha, ni halasi. Tukiharakishana, ni yala. Mpaka siku ile niliamini kwa moyo wangu wote kwamba "halasi", neno la Waarabu, ni Kiswahili safi, kwa kuwa mama huitamka kwa lafudhi ya Machakos. Mtihani ulitaka kiti hicho, mtoto huyo, maji hayo. Alama nilizopata sitaziandika hapa, kwa heshima ya mzazi.

Dawa alinitafutia mama mwenyewe, na ilikuwa chungu. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko, huwa tunakwenda Mesaimeer, kwenye ule uwanja mmoja wenye makanisa yote, na sisi Wakenya tuna ibada yetu ya Kiswahili. Mwisho wa ibada kuna matangazo. Hakuna anayetaka kuyasoma, maana wakati huo watu wana njaa na wanatazama mlango. Mama alinishika mkono akanipeleka kwa katibu wa kanisa. "Huyu atakuwa anasoma matangazo," alisema. Mimi sikuulizwa.

Ijumaa ya kwanza nilisimama mbele nikasoma vizuri mpaka nikafika pale kwenye mkutano wa akina mama. Karatasi ilisema tu mkutano na mahali, nami nikaongeza maneno yangu, kwa kujitia ujuzi.

"Akina mama watakuja na viti zao."

"Vyao!" kanisa zima likajibu, kama lililokuwa likingoja.

Masikio yaliniwaka moto. Nilimaliza nikimeza maneno, nikarudi nyumbani nimenuna. Nilimwambia mama sitarudi pale mbele tena, kwamba wamenicheka, kwamba afadhali nikose chuo. Nililia kweli, si utani.

"Wamekucheka, umekufa?" alisema mama, akikoroga chai. "Ijumaa ijayo unasoma tena. Yala, kunywa chai."

Nikasoma tena, na tena. Wiki moja walinipa "yake", nyingine "hayo", nyingine "wamefika". Nilianza kugundua mambo. Kwanza, kicheko kina mwisho, na ukikingoja kidogo unaweza kuendelea na sentensi yako. Pili, walewale waliopiga kelele "vyao" ndio niliowasikia nje, kwenye maegesho, wakiambiana, "Toa hiyo viti." Hilo liliniponya kuliko mazoezi yote. Nikawa nikikosea nasimama, nacheka nao, nashona pale palipochanika, nasonga mbele.

Mtihani wa kuandika ulipita bila vituko. Uliobaki ni mazungumzo, na hayo ndiyo yaliyokuwa na alama nyingi. Siku yake nilivaa shati la shule, nikakaa chumbani mbele ya kompyuta, nikazima kiyoyozi kwa sababu kinanguruma. Joto la Doha unalijua, au kama hulijui, shukuru. Mama alikuwa nyuma ya mlango. Alisema anapanga taulo, lakini kwetu hakuna taulo za kupangwa muda wote ule.

Mtahini akatokea kwenye skrini. Alikuwa bibi wa Kitanzania mwenye miwani na kitenge cha buluu, uso mtulivu, nywele nyeupe. Nilikuwa nimejiandaa kusema "Habari za asubuhi, mwalimu." Sasa, hapa Doha ukiingia popote, dukani, benki, hospitalini, utasikia "marhaba", yaani karibu. Na kwenye kitabu changu cha mazoezi, sehemu ya salamu, nilikuwa nimeliona neno "marahaba". Nikadhani ndilo lilelile, limevaa nguo za Kiswahili. Woga ukanipanda, ulimi ukachagua wenyewe.

"Marahaba, mwalimu!" nilisema, kwa sauti ile ya matangazo.

Bibi alivua miwani.

"Mwanangu," alisema polepole, "mimi sijakuamkia bado."

Sikuelewa. Akaniinamia kwenye kamera. "Au nianze mimi? Haya. Shikamoo."

Ndipo nikaelewa, na nikatamani ardhi ipasuke. Kwetu bara hatuna desturi ya kuamkiana hivyo, lakini hata mimi nilijua kwamba mdogo husema shikamoo na mkubwa ndiye hujibu marahaba. Nilikuwa nimempokea bibi wa watu heshima ambayo hakunipa. Nyuma ya mlango nilisikia mtu akijiziba mdomo kwa taulo.

Mwaka mmoja nyuma ningefunga kompyuta. Lakini bibi alikuwa akicheka, mabega yakimtikisika, na kicheko mimi nilikuwa nimeshakizoea. Nikakingoja kidogo. Kisha nikasema, "Samahani, mwalimu. Naomba nirudi mlangoni. Shikamoo."

"Marahaba. Hapo sasa tunaelewana. Hebu nieleze, ile ya kwanza uliitoa wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya bakala na benki, nikamweleza ya halasi ya mama, nikamweleza ya viti na kanisa zima lililosema "vyao". Alikuwa na maswali yake ameyaandaa, kuhusu mazingira na teknolojia, lakini sikumbuki kama aliyafikia yote. Alipouliza, nilijibu. Nilipokosea nilirekebisha. Tulipoagana shati lilikuwa limenigandia mgongoni, nikainuka kuwasha kiyoyozi.

Majibu yalikuja Ijumaa, nikiwa Mesaimeer, zamu yangu ya matangazo ikikaribia. Nilichungulia simu chini ya benchi. Nimefaulu, na vizuri. Chuo kilikuwa kimeshapelekewa nakala. Nilishusha pumzi hadi aliyekaa mbele yangu akageuka. Nilisoma matangazo yote, ya kwaya, ya wagonjwa, ya akina mama na viti vyao, halafu nikaongeza moja ambalo halikuwa kwenye karatasi. Vigelegele vilivyopigwa! Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba ni wao waliofaulu, na hakuna aliyembishia.

Mama hakuwepo, alikuwa kazini. Nilipanga kumwambia mwenyewe, lakini wanawake wa kanisa na simu zao hawakunisubiri. Alasiri basi la hospitali lilimshusha, nikamsikia kwenye ngazi, akipanda haraka kuliko siku zote. Alifungua mlango akiwa na sare yake, mkoba begani, macho mekundu tayari.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilipomwona amesimama pale, miguu imevimba kwa zamu, nikachagua moja ambalo sikuwahi kumwambia maishani.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwamkia hivyo. Alitua mkoba chini, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Marahaba," alijibu. Akakohoa. "Haya, msomi. Enda uoshe hiyo vyombo, zimejaa hapo tangu asubuhi."

Nilifungua mdomo kusema "vimejaa". Kisha nikaufunga, nikaenda jikoni kuziosha.