Kalunguyeye Aliyepunguzwa

Mwaka ambao kiwanda cha nguo kilimpunguza kazi mume wangu, nilikuwa nafundisha baiolojia katika shule moja mjini Morogoro, na nyumbani kwetu mtaa wa Mafiga neno "kupunguza" halikutamkwa tena. Hata mchuzi ukizidi chumvi, sikusema nitaipunguza. Nilisema nitaongeza maji.

Alikuwa fundi mitambo. Soko lilikuwa limefunguliwa kwa bidhaa za nje, nguo za mitumba zimejaa kila kona, na mitambo yake mingi ikanyamaza. Alijaribu kuuza mitumba wiki mbili, akaacha. Alisema hawezi kuwanadia watu kitu kilichomzika. Baada ya hapo akawa mtu wa kitandani. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini nilifungua pazia nikamwambia, "Amka, jua limetoka." Nina hasira za karibu, nakiri. Siku nyingine pazia nusura ling'oke.

Aliyemwamsha hakuwa mimi. Alikuwa kalunguyeye, mnyama mdogo wa miiba asiyejaa viganja viwili, ambaye mume wangu alimkuta nyuma ya choo masika yakiishia. Akamweka kwenye katoni, akaanza kuamka alfajiri kumtafutia panzi na mende. Mwanamume aliyekataa kwenda sokoni akawa anainama majanini kuwinda panzi, majirani wakimcheka. Mimi nilifurahi, tena sana. Waache wacheke, mume wangu kaamka.

Kikaja kipupwe. Ukungu ulishuka kutoka milima ya Uluguru ukakaa hadi saa nne asubuhi, nyasi zikakauka, wadudu wakapotea. Jumamosi moja akaniita. Kalunguyeye alikuwa amejikunja ndani ya katoni, mwili wa baridi.

"Mwalimu, amekufa."

Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani. Nikamshika yule mnyama, nikasubiri. Mbavu zikapanda mara moja. Nikasubiri mno, zikapanda tena.

"Hajafa. Amelala."

Nikamweleza, na furaha ya mwalimu aliyepata somo hai mkononi ikanipanda kichwani. Vitabu vyetu vilizungumzia nchi za theluji, ambako siku zikianza kufupika mwili wa mnyama hupata habari kwamba msimu unageuka. Kwetu siku hazifupiki sana. Baridi na njaa ndizo zinazoleta habari. Wadudu wakikosekana, hakuna cha kuupasha mwili joto.

"Basi mwili unapunguza," nikasema. "Unapunguza joto, unapunguza mapigo ya moyo, ili mafuta kidogo aliyonayo yamfikishe..."

Nilikuwa nimeshalitamka neno lile.

Mume wangu akamtazama yule mnyama. "Kumbe naye kapunguzwa," akasema.

Nilimwonya asimwamshe. Kuamka kunakula mafuta mengi kuliko kulala, na huko nje hakuna cha kuyarudisha. Jumatatu nilimpeleka shuleni ndani ya katoni yake, nikampima kwenye mizani ya maabara. Alikuwa mwepesi hadi nikampima mara ya pili. Hilo nalo nilimwambia mume wangu, akaitikia, "Nimekusikia, Mwalimu."

Jumatano mchana niliporudi nikamkuta sebuleni, amenyoa ndevu, amevaa shati safi. Jiko la mkaa lilikuwa kando ya katoni. Kalunguyeye alikuwa anatembea sakafuni, anatetemeka, ananusa miguu ya meza.

"Nimemwamsha!" akasema, akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu siku aliyopewa barua ya kiwanda.

Nilijua. Palepale mlangoni nilijua kwamba mnyama yule ameshatumia alichokuwa nacho, na mimi sikuwa na namna ya kumrudishia. Ningeweza kumwambia. Badala yake niliweka kikapu chini, nikacheka naye.

Siku mbili tulitafuta wadudu, mimi na gauni langu la kazini, tukiinua mawe hadi mtoni. Tulipata mende wawili. Tulimpa dagaa, tukampa yai, akanusa akageuka. Ijumaa asubuhi tulimkuta amenyooka. Nilisubiri mbavu zipande, ingawa nilijua hazitapanda.

"Ulijua?" mume wangu akauliza.

"Si nilikwambia!" Sauti ilitoka kali, nikatamani kuirudisha.

"Uliniambia," akasema. "Lakini ulicheka."

Alimfukia nyuma ya choo, pale alipomwokota, akarudi kitandani.

Jumatatu nilivaa nikaenda dirishani kama kawaida. Alikuwa amejikunja, uso ukutani, blanketi limepanda hadi masikioni. Nikalishika pazia. Kalunguyeye niliweza kumpima kwenye mizani; huyu sikujua amebakiwa na nini cha kutumia akiamshwa. Nikaliachia pazia bila kulifungua, nikaenda kazini.