Nishushie Sailensa

Mashine ya kukatia nyasi ilizimika katikati ya uwanja asubuhi ya fainali, nusu ya nyasi zimenyolewa, nusu zimesimama kama nywele za mtu aliyemtoroka kinyozi. Juu yake alikaa mama mmoja ambaye mtaa mzima humwita Dereva. Pale alianza kwa kufagia vyumba vya kubadilishia nguo. Mkataji wa zamani alipostaafu, wanaume wote walikataa kupanda kigari chenye kiti kama cha mtoto. Yeye akakunja sketi, akakaa. Hajashuka mpaka leo.

Lakini fainali haikuwahi kuchezwa uwanjani kwake. Kila mwaka ilikwenda kwa wenzao wa ng'ambo ya mto, wanaojishaua kwa nyasi. Safari hii wamepewa wao wa mtaa huu, kwa sharti: mkaguzi atapita saa sita, na nyasi zikimfika kwenye fundo la mguu, mechi inavuka mto.

"Kimekufa?" aliuliza shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuwa akipaka mistari chokaa.

"Ufe wewe! Kina kwikwi tu."

Alivuta choki, kile kishikio cha kuzibia hewa, injini ikanguruma. Akairudisha, ikakata roho. Akajua: petroli inafika kiduchu, kabureta imeziba. Akafunga bomba la mafuta, akafungua boliti ya chini, kikombe cha kabureta kikamwangukia kiganjani. Ndani mlikuwa na tope, na tone la maji limejikalia chini ya petroli kama mgeni asiyejua kuaga.

"Nikuletee waya utoboe?"

"Waya katobolee masikio yako. Kitundu kile ukikikwaruza kinakuwa pango, injini inakunywa kama mlevi. Lete pampu ya baiskeli!"

Akachomoa jeti, kiskrubu chenye kitundu cha kupitishia petroli, akakielekeza juani. Giza. Akakiosha, akakipigia pampu, fyuu! Akachungulia tena: nukta ya mwanga, nyembamba kama ncha ya sindano. Akapiga kigelegele peke yake, mpaka shemeji akamwaga chokaa.

Akarudisha kila kitu mahali pake, akawasha. Ikapokea! Ila ilikwenda mbio hata ikiwa imesimama. Kilichobaki ni kulegeza skrubu moja tu. Akazima, akakimbilia bombani kunawa macho yaliyorukiwa na petroli.

"Shemeji, nishushie sailensa kidogo, naja!"

Aliporudi alimkuta shemeji kifua mbele, spana mkononi, na bomba zima la moshi limelazwa juu ya tambara kama mtoto mchanga.

"Nini hiki?"

"Sailensa. Umesema nishushe, nimeshusha. Na ilikuwa ya moto, basi tu mimi mwanaume."

"Skrubu, shemeji! Sailensa ni ule mngurumo wa injini ikiwa imepumzika!"

"Kwetu sailensa ni bomba la moshi. Huo mngurumo wenu hatujaupa jina."

"Na nati zake?"

Shemeji akaangalia nyasi. Zilikuwa ndefu.

Muda wa kugombana haukuwepo. Dereva akaparamia kiti, akawasha, na radi ikapasuka uwanjani. Akainama na bisibisi, akalegeza skrubu taratibu, mpaka radi ikawa ya mfululizo isiyo na kwikwi. Kisha huyo, akaondoka! Nyasi zikaruka pembeni, mwili mzima ukamtetemeka, meno yakagongana, na yeye anacheka mdomo wazi.

Majirani wakatoka majumbani, wengine na povu la sabuni mikononi.

"Unatuua masikio, wewe mwanamke!"

"Mmejileta wenyewe!" aliwapigia ukelele. "Nyasi zilizokatwa nani atazoa? Shikeni reki!"

Waliokuja kugombana wakajikuta wanazoa. Shemeji alitambaa kwa magoti akitafuta nati, na kila aliyepita alimuuliza kama kadondosha jino.

Mkaguzi alipofika, alitembea uwanja mzima amejiziba masikio. Akasimama langoni, akatazama viatu vyake: kamba zote zinaonekana. Akamwambia Dereva kitu. Hakusikika. Akarudia, mishipa ya shingo imemsimama. Dereva akazima injini.

"NIMESEMA MECHI INACHEZWA HAPA!" sauti ya mkaguzi ikalia peke yake uwanjani.

"Nimesikia, baba, usinipigie kelele," alisema Dereva, akashika ufunguo tena. "Sasa nipishe, nimalizie kona."