Ngozi Isiyo na Tundu

Watoto wa siku hizi wakisikia kwamba nilifanya kazi na wanyama wa porini huniuliza yupi mkali kuliko wote. Nawajibu kwamba ni yule aliyeumia, kisha naondoka kabla hawajaniuliza la pili.

Nilikuwa mchunaji. Enzi hizo za Mwingereza palikuwa na bwana mmoja wa Kizungu aliyekusanya ndege na wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la kwao. Yeye alipiga risasi, mimi nikachuna, nikatia chumvi, nikakausha. Chumba changu kilikuwa Njoro, pale Moshi mjini, katika nyumba ya mama mmoja wa Kiislamu aliyeuza vitumbua. Siku nikirudi na ngozi mbichi alinipokea mlangoni na ufagio, akiapa kwamba sivuki kizingiti chake mpaka nioge mara mbili. Nilimpenda sana mama yule. Niliyoyaona huko nilikotoka sikumsimulia.

Na niliona mengi. Tulivuka Holili tukaingia upande wa Kenya, nyika kavu ya kuelekea Tsavo, na huko niliona mbwa mwitu wakimla kongoni akiwa bado amesimama. Sisemi uongo, alikuwa amesimama. Matumbo yake yako chini kwenye vumbi na yeye anawatazama tu. Bwana alitoa saa mfukoni akahesabu dakika mpaka mnyama alipoanguka, akaandika. Mara ya kwanza nilitapika. Safari iliyofuata yalitokea yaleyale, nami nikamshikia daftari. Katika Ziwa Jipe niliona kiboko dume akimtafuna mtoto wa kiboko mpaka maji yakawa mekundu, na nilichojiuliza mimi ni kama lile fuvu dogo lingesalimika. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefikia. Nilijiona mtaalamu, na majivuno yangu yalikuwa yananitangulia njiani.

Kitu kimoja bwana alikuwa hajakipata, nacho ni ngozi ya chui wa msitu wa mlimani, wale weusiweusi wa huku juu. Alizoletewa zote zilikuwa na matundu, maana watu wetu huua chui kwa mikuki, na wakishaanza hawajui kuacha. "Nataka moja isiyo na tundu," aliniambia. Hakunilazimisha. Ni mimi niliyelala na kuamka na neno hilo.

Basi siku moja kaka yangu akanitumia habari kutoka nyumbani, juu ya Himo. Chui alikuwa amemaliza mbuzi wa majirani, sasa ameingia kwake. Kwetu ng'ombe hulala ndani, nyumba moja na watu. Chui alitoboa ukuta wa majani ya migomba, akamrarua ndama aliyefungwa hatua nne kutoka walipolala watoto. Nilipofika nilikuta damu imeruka mpaka kwenye mafiga. Kaka alikuwa ameshanoa mkuki wake na ameshazungumza na wanaume wa ukoo.

"Waambie wasubiri," nikamwambia. "Nimekuja na mtego wa chuma."

Kaka alinitazama, kisha akacheka. Alikuwa mtu mpole, mnene wa mabega, mkulima hasa. Kihamba chake, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kilikuwa kimepaliliwa utadhani kimefagiliwa. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyetembea, yeye hajavuka hata Himo mara kumi. Akawaambia wanaume wakae.

Nilitega penye mfereji wa maji wa kihamba, pale nyayo zilipoonyesha chui anaruka. Asubuhi ya tatu mimi na kaka tukamkuta. Alikuwa amekwaruza udongo pande zote mpaka mizizi ya kahawa imetoka nje, na mnyororo umemng'oa meno mawili kwa alivyoutafuna. Povu lake lilikuwa la damu. Alipotuona hakunguruma. Alijibana chini akatulia, na masikio yake yakalala.

Nililiona jambo moja na sikulisema. Mtego haukuwa umeshika mguu. Ulikuwa umeshika vidole viwili tu.

Kwa kazi yangu nilijua maana yake. Mnyama aliyeshikwa vidole huviacha akaondoka. Mtu mwenye akili timamu angesema, "Kaka, mchome sasa hivi." Lakini nilitazama ule mgongo, ile rangi kama kahawa iliyokaangwa ikaungua kidogo, nikaona ni mzima kabisa, hauna hata kovu.

"Weka mkuki chini," nikamwambia. "Tutamnyonga. Mimi nitamvisha kitanzi kwa mti huu mrefu, kamba tunaipitisha kwenye tawi, wewe unavuta. Kuvuta kunataka mikono miwili."

"Na akichomoka?"

"Hachomoki. Hii ndiyo kazi yangu, kaka."

Akauegemeza mkuki kwenye mgomba, hatua tatu nyuma yake, akaishika kamba.

Nilinyoosha mti. Kitanzi kilipomgusa sikio, chui alijivuta nyuma mara moja, nikasikia kitu kinakatika. Sikumwona akiruka. Nilimwona akiwa tayari juu ya kaka yangu. Kaka aliinua mkono wa kulia kukinga shingo, na chui akaushika hapo juu ya kiwiko akawa anautafuna huku anasogea, kiwiko, kigasha, kiganja, na miguu ya nyuma inampasua mapaja. Kaka hakupiga kelele. Alikuwa anatoa sauti ya mtu anayebeba gunia zito mlimani. Nami nilisimama na mti wangu mkononi. Nilisimama tu.

Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa upande wa pili wa migomba anakata mashina ya kumpa ng'ombe. Alikuja mbio na panga lilelile. Pigo la kwanza lilitua mgongoni, nyama ikafunguka, nikaona uti wa mgongo.

Nikapiga kelele, "Shemeji, ngozi! Ngozi!"

Nayaandika kama nilivyoyatamka, maana alisikia yeye, akasikia kaka chini ya yule mnyama, wakasikia majirani waliokuwa wanakimbilia pale. Shemeji aligeuza uso akanitazama. Kisha akaendelea kukata. Alimkata chui kama anakata mgomba, mgongo, shingo, uso, na mnyama alipokuwa ameshakufa akaendelea, mpaka kichwa kikabaki kinaning'inia. Damu ilimrukia machoni wala hakuipangusa.

Tulimteremsha kaka kwa machela ya miti na magunia hadi zahanati ya misheni. Kucha za chui zina uozo wa nyama aliyokula, na vidonda vilioza kweli. Walitaka kuukata mkono, kaka akakataa. Akawa anaung'ata mto wakimsafisha usaha. Mkono ulipona kwa namna yake: ukakauka, kiganja kikajikunja, vidole viwili tu ndivyo vilivyobaki na uhai kidogo. Mkulima wa kahawa bila mkono wa kulia.

Hakutaka kuniona. Nilipokwenda nyumbani shemeji alinikuta njiani penye mlango wa kihamba. "Umefuata ngozi?" akaniuliza. "Niliitupa chooni." Nikarudi Moshi kwa miguu. Baba na mama wamezikwa katika kihamba kile, na bila neno la kaka nisingekanyaga tena. Niliacha kazi ya bwana. Nilichotaka sasa ni kimoja tu, kaka anisamehe.

Nikaenda kwa baba mdogo, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kakate isale," akasema.

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Kwetu aliyekosa sana hupeleka jani lake kwa aliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kukataa, hata kama kosa ni la damu. Hulipokea kwa mkono wa kulia, na neno limekwisha. Lakini anayelileta lazima aseme kosa lote. Niliogopa sehemu hiyo. Niliona haya pia, maana ilikuwa kama kumvizia mtu ambaye hana ruhusa ya kusema hapana.

Tulimkuta kaka ndani, amekaa karibu na ng'ombe. Shemeji alisimama nyuma yake. Baba mdogo alisema maneno yake, kisha akanigeukia.

"Sema."

"Ile kelele mliisikia," nikasema. "Ila kuna jingine. Mtego ulishika vidole viwili. Niliona kabla hujauweka mkuki chini. Nilijua atachomoka. Nikanyamaza kwa sababu ya ngozi."

Hawakuwa wanajua. Niliona shemeji akifumba mdomo kwa mkono. Kaka aliangalia chini, ng'ombe akawa anatafuna tu, nikatamani kaka anipige, anitukane, afanye lolote.

Nikamnyooshea jani. Alianza kuinua mkono wa kushoto, akausimamisha, akaurudisha mapajani. Akautoa ule wa kulia kutoka ndani ya shuka. Vidole viwili vililigusa jani, havikuweza kulibana, likaanguka kwenye majani ya ng'ombe. Niliinama kuliokota, na baba mdogo naye akainama.

"Asiguse mtu," kaka akasema.

Akainama mwenyewe. Jasho lilimtoka usoni. Likaanguka tena. Akalisukuma mpaka kwenye mguu wake, akalibana kati ya kifundo cha mkono na goti, akalipandisha polepole, analia kwa maumivu bila kuficha, mpaka likamfika kifuani.

"Nimepokea," akasema.

Nililia kama mtoto mbele yao. Shemeji alichukua ndoo, akapita kando yangu, akaenda kuteka maji ya ng'ombe.