Nilisema Tamu, Akasikia Tende

Daktari alipomkataza bosi wangu kuvuta, adhabu ilinishukia mimi. Ndivyo ulivyo udereva wa Uarabuni: mwenye nyumba akiumwa na jino, dereva ndiye anayekula uji.

Nilikuwa nimemaliza miaka miwili Riyadh, nikilala katika chumba cha nyuma ya jumba lake, na kila Ijumaa nikienda mtaa wa Shumaisi kunyolewa na kula chapati na Wakenya wenzangu. Miaka miwili ikiisha, mkataba unasema mtu aende nyumbani. Na mimi nilikuwa na safari isiyongoja. Dada yangu mdogo alikuwa anaolewa Jumamosi ya kwanza ya Desemba, baba yetu alishatuacha, na mimi ndimi kifungua mimba. Kasisi angeuliza, "Ni nani anayemtoa bibi arusi?" na lazima mtu ajibu, "Ni mimi." Maneno mawili tu. Kwa maneno hayo mawili nilihitaji ruhusa ya kutoka na kurudi, na ruhusa hiyo haiko ubalozini wala mbinguni. Iko kwenye simu ya kafili, yaani bosi aliyekudhamini. Anabonyeza kwa kidole kimoja, halas, umeruhusiwa. Nilikitazama kidole kile miezi minne kama mbwa anavyoutazama mfupa ulio mezani.

Mambo yalianzia Jeddah. Agosti familia nzima ilihamia huko kukimbia joto la Riyadh, ambalo mwaka ule lingeweza kukaanga yai mfukoni mwako. Nyumba ilikuwa upande wa Ruwais, na roshani yake ilitazama bahari. Siku moja baada ya sala ya alasiri, baba akaniita juu. Huko bosi huitwa baba hata kama mmezaliwa mwaka mmoja. Mbele yake palikuwa na sanduku la mbao lililonukia mwerezi kana kwamba Mfalme Sulemani alikuwa ametoka kulipiga randa.

"Yalla, kaa," akasema.

Dereva akiambiwa akae, ajue kuna jambo.

Akafungua sanduku. Mlikuwa na sigara nene kama vidole vya mwashi, za rangi ya ngozi ya ng'ombe. Biri, neno nililowahi kukutana nalo mara moja tu, kwenye kamusi ya shule ya usiku niliyosoma kabla ya kuja.

"Hizi zimetoka Kuba. Daktari anasema nikivuta nitakufa. Hakusema nisisimuliwe. Utavuta wewe, uniambie ladha."

"Baba, mimi sivuti."

"Vizuri zaidi. Ulimi wako ni mpya."

Sikuwa natania. Nimelelewa katika kanisa ambalo hata chai ya rangi ikikolea sana huombewa. Lakini nilifikiria kasisi, dada yangu na kile kidole.

"Na ruhusa yangu, baba?"

"Ladha kwanza."

Akaikata ncha kwa kimkasi, akaniwashia mwenyewe. Nikavuta moshi wote ndani kama mtu anayepigwa picha ya kifua hospitalini. Kumbe biri haivutwi hivyo! Moshi wake unazungushwa kinywani na kuachiliwa, kifua hakihusiki. Nilikohoa hadi nadhani njiwa wa mtaa wa Bani Malik waliruka, na Bani Malik si pua na mdomo na pale.

"Eeh?" baba akauliza, macho yameng'aa kama ya mtoto aliyengoja hadithi.

Hapo nikagundua umaskini wangu. Kiarabu changu kilikuwa cha barabarani: kulia, kushoto, simama, mafi nafasi, yaani hakuna nafasi. Kiingereza changu cha shule ya usiku kilikuwa cha kuandika barua ya kuomba kazi, na mwalimu hakutufundisha ladha ya moshi. Likanitoka neno la lugha ya mama, neno ambalo Mswahili hulitumia kwa muwa, kwa nyama, kwa wimbo na hata kwa usingizi.

"Tamu, baba."

"Tamr?"

Tamr kwao ni tende. Akasogeza kiti. "Tende gani? Sukkari au ajwa?"

Ningemsahihisha, lakini ningemsahihisha kwa neno gani? Nikataja ile ambayo madam, mkewe, alikuwa akiifungia kabatini. "Ajwa."

Akafumba macho. "Wallahi, ajwa," akanong'ona. "Miaka thelathini nimevuta, sijawahi kulijua hilo."

Nikatoka pale nikifikiri nimeshinda. Nilikuwa nimejifunga mwenyewe kamba shingoni.

Kuanzia hapo kila alasiri ilikuwa darasa. Baba hakutaka tena tende peke yake, alitaka mwanzo, katikati na mwisho. Na tatizo ni kwamba nilianza kuzisikia kweli. Mwanzoni kuna pilipili manga, si ya kuwasha bali ya kugonga mlango. Halafu kahawa iliyosahauliwa jikoni. Halafu udongo mkavu ulioangukiwa na matone matatu ya mvua, na utamu wa mbali kama wa sukari guru. Kisha ukakasi wa ndizi mbichi unaokunja ulimi. Siku nyingine nilimwambia inafanana na kiti cha ngozi cha gari jipya lililoachwa juani, akapiga makofi. Lakini kulikuwa na kitu kimoja chini ya vyote, cha zamani, kinachojulikana, ambacho sikuweza kukipatia jina. Nilikuwa nikikikaribia, kinapotea. Kilinikera kama punje ya hindi kwenye jino.

"Bado," baba alikuwa akisema. "Kuna kitu hujakisema."

"Najua, baba."

"Basi kesho."

Na ruhusa nayo kesho.

Mlinzi wa lango la jirani, Mkenya mwenzangu, hakunihurumia hata kidogo. "Buda, wenzako wanabeba simiti juani, wewe unalia kwa kupewa sigara za mamilionea?"

"Harusi ni Desemba!"

"Si umwambie ina ladha ya moshi tu, yaishe?"

Tuliporudi Riyadh, Novemba ikaingia. Nikakusanya ujasiri, nikamkumbusha baba kuhusu safari. Akaniangalia kwa huzuni ya kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Ukienda, nani atanivutia?"

Nilikuwa nimefaulu hadi nikafungiwa! Mlinzi, niliyempigia simu Jeddah, akanishauri niharibu. "Sema inanuka soksi. Atakuchoka."

Kesho yake nikavuta, nikatema moshi, nikakunja uso. "Baba, leo ina ladha ya soksi."

Baba akachukua ile biri, akainusa kwa makini. "Sahihi kabisa! Hii iliingia unyevu. Mwingine angeninyamazia." Akanipiga begani. Ningemeza ile biri na moto wake.

Kwenye shule yetu ya usiku mwalimu alikuwa akisema mtu aliyesoma hashindwi, hutafuta mlango mwingine. Nikahesabu sanduku la mwisho: zimebaki kumi na moja. Nikamwambia baba nitazivuta zote kabla ya kuondoka, nimrekodie kila moja kwa sauti, na yeye asikilize moja moja nikiwa nyumbani. Akazihesabu mwenyewe moja moja, nami nadhani nilizeeka miaka sita. "Tayib, sawa," akasema.

Nilizivuta kwa siku tano, mbili kwa siku, na ya kumi na moja nikaimaliza nikiwa na begi mkononi. Akabonyeza. Kidole kimoja.

Nilifika nyumbani Ijumaa. Jumamosi nikamshika dada yangu mkono hadi madhabahuni, na kasisi akauliza swali lake. Nikafungua mdomo. Badala ya yale maneno mawili ikatoka sauti ya mlango wa zizi. Nikajaribu tena, ikatoka ile ile. Kanisa likacheka. Dada yangu akanibinya kidole na kusema kwa niaba yangu, "Ni yeye."

Nje, mama akanikumbatia, kisha akasimama. Akanusa kola ya koti.

"Uarabuni wamekufundisha kuvuta?"

Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha koo. Akanusa tena, polepole, na ukali ukamtoka usoni.

"Unanuka dari la jiko la nyanya yako."

Nikasimama kama niliyepigwa kofi. Lile dari juu ya mafiga, ambapo nyanya alianika tumbako yake, karibu na mbegu za mahindi, kibuyu cha asali na ngozi ya kukalia, vyote vikiiva kwa masizi ya miaka. Ndicho! Miezi minne nimekikimbiza kwa koo langu mwenyewe, na mama amekikamata kwa pua, bila kiberiti.

Sikungoja. Kwa kuwa sauti sikuwa nayo, nikaketi nyuma ya hema la harusi, nikamwandikia baba kwa Kiingereza changu bora kabisa, mistari kumi na minne: dari, moshi, asali, ngozi, kikongwe.

Jibu likafika kabla keki haijakatwa.

"Sijaelewa. Hiyo ni tende gani?"