Kansela Aliniambia Nimlete Baba

Ukisikia mtu pale Kiptere akiitwa Daraja, usitafute mto, ni mimi. Jina langu la ubatizo ni Weldon, lakini hilo siku hizi hulitumia mke wangu peke yake, tena akiwa amekasirika. Wacha niwaeleze jina hili nilivyolipata, maana habari inayozunguka sokoni ina uongo mwingi, na bahati mbaya ni kwamba ukweli wenyewe ni aibu kuliko huo uongo.

Mambo yalianza na kiti. Baba alipofariki, kiti chake cha mbao cha kando ya dirisha kilibaki wazi, sikutaka mtu akikalie na hakuna aliyenibishia, hadi siku mama mkwe alipotoka Bomet kututembelea, akaingia amechoka (na mvua ilikuwa imemnyeshea, maskini), akajiketisha pale, nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Toka hapo!" Kwa mama mkwe, jamani, mtu ambaye hata kumpa mkono nafikiria mara mbili. Aliinuka polepole, akamaliza chai yake akiwa amesimama, akarudi kwao bila kulala.

Mke wangu, Chelangat, hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba Cheptoo," akasema, "tangu Mzee aende hujalia hata kidogo, wewe ni kufokea tu. Umefokea ng'ombe, umefokea redio, sasa ni mama yangu. Enda Kericho uone kansela, yule wa ushauri, ama mimi nimfuate mama Bomet."

"Nimeelewa," nikasema. Sikuwa nimeelewa. Lakini mimi sipendi kuonekana mshamba, kwa hivyo neno hilo hunitoka hata kabla mtu hajamaliza kuuliza, na ndilo lililokuja kunimaliza huko Kericho.

Asubuhi ya safari nikakutana na Arap Koech, mzee wa rika la baba yangu, akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kumwona kansela. Sasa, nyinyi mnajua kwa wazee wetu kansela ni nani: ni yule mheshimiwa wa wadi wa zamani, wa kuahidi barabara. Arap Koech alikuwa na malalamiko juu ya daraja letu bovu la kwenda kituo cha kupimia majani chai, malalamiko aliyoanza kuyabeba hao makansela wakiwa bado wapo. "Ngoja nichukue koti," akasema, akarudi na koti na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, ya kumpa mheshimiwa. Ningemweleza, lakini kumweleza ni kukiri kwamba naenda kutibiwa moyo, kwa hivyo nikanyamaza na tukaenda pamoja.

Ofisi ilikuwa ghorofani, imetengwa kwa plaiwudi na chumba cha mng'oa meno, na benchi la nje lilijaa watu walioshika mashavu. Arap Koech akabaki hapo. Kansela alikuwa mama mpole anaitwa Madam Wambui, ana viti viwili mbele yake, mimi nikakalia kimoja na kingine kikabaki wazi.

"Hapa sitakwambia ufanye nini," akasema. "Wewe ndiye unajua maisha yako. Mimi nitakusikiliza, tufuate hisia mahali zinaenda."

"Nimeelewa, Madam." (Nilikuwa najiuliza, kama hasemi la kufanya, amefungua ofisi ya nini?) Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hukumu, nimepanga hoja zangu kama mtu aliyeitwa na wazee wa kijiji. Basi nikasimulia mambo ya kiti.

"Nasikia ulikasirika sana mama akikaa hapo," akasema.

Si ndicho nilichotoka kusema? Nikajua masikio yake yana shida, nikarudia kwa sauti zaidi. Akasema, "Na baada ya hasira, ukaona aibu." Maskini, bado hajasikia. Nikaongeza sauti. Kila akinirudishia maneno yangu, mimi napandisha, mpaka nikawa naongea kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba, na benchi zima likajua nimemfukuza mama mkwe. Nilisikia mtu upande wa pili akisema, "Woi."

"Na hapo kifuani, unasikia nini?" akauliza.

Nikainamisha kichwa, nikasikiliza vizuri. "Sisikii kitu, Madam."

Akatabasamu, akaniuliza hicho kiti cha nyumbani ni cha nani. Nikamwambia ni cha baba. Sikumwambia ameaga, maana hilo neno lilikuwa bado halinitoki.

"Kuna maneno hujamaliza na baba?"

"Yako."

Akasogeza kile kiti kilichokuwa wazi mpaka mbele yangu. "Basi mlete hapa. Mlete baba, umwambie."

"Nimeelewa," nikasema, nikainuka, nikafungua mlango. Msinicheke. Huku kwetu baba yako akienda, watu wa rika lake ndio baba zako, na mmoja wao alikuwa pale nje na kibuyu. Nikamshika mkono, nikamleta, nikamkalisha.

"Ndiye huyu baba," nikasema.

Madam Wambui alishangaa kidogo, akajikaza. "Karibu, baba."

"Kongoi, kansela," akashukuru Arap Koech, akavua kofia. "Mimi nimekuja juu ya taraja."

"Nasikia kuna daraja linakusumbua."

"Sana," akasema, akasogea mbele, maana hakuna kansela aliyewahi kumsikia haraka hivyo. "Imeniumisa sana. Hata siku ya kusika papa ya huyu, gari ilikwama hapo, tukapepa santuku na mapega kwa matope."

Madam Wambui akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Baba yake? Si baba yake ni wewe?"

"Mimi niko hai, kansela."

Nami nikaiona siku ile, wanaume wamebeba jeneza langu (la baba, naomba radhi), na mimi niko nyuma namfokea dereva, nafokea matope, nafokea kila kitu, mpaka nikafika kaburini sina sauti ya kumuaga. Nikalia. Si kile kilio cha kiume cha kufuta jicho moja, nililia mpaka kamasi, na Arap Koech akalia pia, uso kaufunika kwa kofia yake, na Madam Wambui akasema tu, "Kaeni na hiyo huzuni, hatuna haraka." Tulipomaliza, nikaona mlango sikuwa nimeufunga. Benchi lote lilikuwa limesimama hapo na mashavu yao yaliyovimba, na mbele kabisa alikuwepo mwendesha boda mmoja wa kwetu.

Alifika Kiptere kabla yetu. Habari ilikuwa imeshakuwa hivi: Weldon amelilia daraja mbele ya kansela.

Arap Koech hajali. Anasema makansela wa zamani walimwahidi kila kitu, huyu hakumwahidi chochote, na akatoka mwepesi. Ameniuliza tutarudi lini.

Nyumbani nilimkuta Chelangat mlangoni, begi liko miguuni pake. "Ni ukweli umelia?"

"Nimelia."

"Juu ya daraja?"

"Juu ya baba."

Alirudisha begi ndani. Mimi nimeapa: nisipoelewa nitauliza, hata kama benchi zima litacheka. Afadhali kuitwa mshamba kuliko kuitwa Daraja.

Mama mkwe amekuja tena juzi. Aliingia akasimama katikati ya nyumba na kikapu chake, anatafuta kwa macho mahali salama pa kukaa. Nikakivuta kile kiti cha dirishani mwenyewe.

"Mama, kaa hapa."

Akakitazama kiti, akamtazama Chelangat, akanitazama mimi. "Unaelewa unachosema, kijana?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Lakini kaa tu."